Aibu Isiyo Yao

Fomu ya kujiandikisha katika darasa letu la jioni ina nafasi inayouliza sababu ya kuacha shule. Nafasi yenyewe haitoshi hata mstari mmoja, kwa hiyo watu huandika kwa mkato: ada, mimba, kuhama, baba alifariki. Wengi huandika utoro, tena huandika upesi, kichwa kimeinama, kalamu ikiwahi swali linalofuata.

Hata katika takwimu za serikali, utoro ndio unaotajwa zaidi miongoni mwa sababu za watoto wa Tanzania kuacha masomo. Anayesoma majedwali hayo bila kumjua mtoto hata mmoja atadhani nchi imejaa watoto wavivu. Mimi nimekaa na watu wazima walioandika hivyo, nikawasikiliza mpaka mwisho. Mmoja alikuwa akisoma ng'ambo ya mto, na masika mto ulipojaa havuki, wiki zinapita. Mwingine alikuwa kifungua mimba. Mama yake alipougua yeye ndiye aliyebaki kumwogesha na kuwapikia wadogo zake. Yuko aliyekuwa akipelekwa shambani kuamia ndege mpunga ulipoanza kuiva, maana ndege wakila mpunga nyumba nzima italala njaa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetoroka kitu. Lakini mwalimu wa zamu aliita jina, hakusikia "nipo," akaweka alama yake kwenye mahudhurio, na alama zikiwa nyingi mtoto akawa mtoro. Miaka ishirini baadaye mtu huyo anajiandika mtoro kwa mkono wake mwenyewe.

Mchana nafundisha sekondari hapa Morogoro. Jioni, watoto wa shule ya msingi ya jirani wakishaondoka, tunaingia kwenye madarasa yao, na watu wazima wanajibana kwenye madawati yaliyochongwa kwa ajili ya watoto wa darasa la tano. Yuko mama anayeuza mchicha na bamia sokoni. Wapo vijana wa bodaboda, mlinzi, dada wa kazi za ndani, fundi cherehani. Baadhi yao wamenizidi umri kwa miaka mingi. Mlangoni mimi ndiye ninayewaamkia shikamoo. Tukishaingia ndani, wao ndio wanaosimama kunisalimu. Hakuna aliyetupangia utaratibu huo na wala haujawahi kumtatiza mtu. Wanasoma kwa hatua mbili, kila hatua ikibeba vidato viwili, katikati wakifanya Mtihani wa Maarifa, ambao wenyewe wanauita QT, kisha wanajisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea.

Kazi hii imenifundisha kwamba kizuizi hakiishii pale kilipomsimamisha mtu. Kinamwingia. Miaka inavyopita anasahau ni nani aliyefunga mlango, anabaki kukumbuka kwamba yeye hakuingia, na mwisho anaamini hakuingia kwa sababu hakufaa. Kufikia hapo kizuizi hakihitaji tena mlinzi, kwani mwenyewe ameshajifungia. Ndiyo maana sehemu ngumu ya kumfundisha mtu mzima haiko kwenye kipeuo cha pili wala kwenye Vita vya Majimaji. Iko kwenye kumshawishi kwamba aibu aliyoibeba miaka yote hiyo si yake.

Nililiona hilo nyumbani kabla ya kuliona darasani. Mama yangu alimaliza darasa la saba mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu nipate akili nimemsikia akisema kwamba yeye hakujaliwa kichwa cha shule. Anasema hivyo huku mtaa mzima umemfanya kijumbe wa upatu. Anajua nani ametoa, nani amechelewa, zamu ya nani inafuata, nani alibadilishana zamu na nani ili amalizie mahari ya mwanawe, na hajawahi kukosea senti wala kufungua daftari. Mimi mwenye shahada siwezi kazi hiyo.

Nilipokuwa chuoni nikasoma jinsi mambo yalivyokuwa. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kwamba kufikia 1977 kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule awe darasani. Lilikuwa jambo kubwa, na mimi ni miongoni mwa wanaoliheshimu sana, maana bila hilo mama asingejua hata kusoma. Watoto wakajaa madarasani, wengine wakasomea chini ya miti. Lakini sekondari hazikujengwa kwa kasi hiyo. Nchi ilikuwa maskini, ikaamua kwa makusudi kuweka nguvu kwenye elimu ya msingi na kuibana sekondari. Katika miaka aliyomaliza mama, kati ya kila watoto mia waliomaliza darasa la saba, waliopata nafasi katika sekondari za serikali hawakufika kumi. Shule za kata, ambazo leo tunaziona karibu kila mahali, zilikuja kwa wingi baada ya 2004 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari.

Hata kama kila mtoto wa darasa la mama yangu angepata alama za yule aliyeongoza, viti havikuwepo. Serikali ilikuwa na sababu zake, zipo za kueleweka. Kisichoeleweka ni kwamba hakuna aliyewaeleza watoto. Walibandikiwa orodha ya majina ubaoni, wasiojiona wakarudi nyumbani wakiwa na jibu moja tu: sina kichwa. Siku nilipomweleza mama haya, na hesabu yake, aliacha kuchambua mchele akaniuliza, "Sasa mbona hawakutuambia?" Sikuwa na la kumjibu. Amekwisha kuishi miaka arobaini na jibu lile jingine. Alikataa kugombea uongozi wa kikundi chao kwa sababu yake. Alikaa kimya kwenye vikao vya shule yetu kwa sababu yake, hata pale alipojua kabisa kwamba hesabu za michango hazikai sawa.

Kwa wasichana wa kizazi kilichofuata, aibu ilipewa nguvu ya kanuni. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi ziliruhusu mkuu wa shule kumfukuza aliyetenda kosa la maadili au aliyeolewa, na kwa tafsiri iliyozoeleka mimba ikahesabiwa kosa la maadili. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani mkoani Pwani kwamba katika utawala wake hakuna atakayepata mimba akarudi shuleni. Tarehe 24 Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba sasa wanaruhusiwa kurudi. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuwaruhusu tangu 2010, na Kenya tangu 1994. Kwa hiyo msichana wa Unguja aliyejifungua mwaka 2018 alikuwa na haki ya kurudi katika darasa lake, na msichana wa Morogoro, raia wa nchi ileile, hakuwa nayo. Hawakutofautiana akili, wala maadili, wala mimba. Kilichowatofautisha kilikuwa karatasi.

Katika miaka ile mlango uliobaki wazi kwao ulikuwa huu wetu wa jioni, na walikuja. Yuko mmoja aliyekaa nyuma kabisa karibu na mlango, mtoto mgongoni, akiogopa kwamba mtoto akilia atafukuzwa tena. Alikuwa kidato cha pili alipopimwa. Aliniambia kwamba siku ile hakuruhusiwa hata kurudi darasani kuchukua madaftari. Rafiki yake ndiye aliyemletea jioni. Aliyempa mimba alikuwa jirani, na hakuna kilichompata. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30, lakini familia mbili zilikaa, zikazungumza, zikapatana kiasi cha fedha, na kiasi chenyewe hakikulipwa chote. Adhabu pekee iliyotekelezwa ikawa ile ya mtoto wa kike.

Nilimwomba ahamie mbele. Alisita kwa muda mrefu, mpaka mama muuza mchicha alipomfuata, akampokea mtoto bila kuomba ruhusa, akampakata huku akiandika. Tangu siku hiyo mtoto yule alikuwa akizunguka kwenye mapaja ya darasa zima. Hivyo ndivyo kizuizi kimoja kilivyoondoka, na hakikuondolewa na waraka wowote.

Mama huyo huyo wa mchicha alinionyesha kizuizi kingine, na hiki bado kinanichoma kila siku, mchana na jioni. Tulikuwa tukizungumzia malaria. Alisimama akaeleza kwa Kiswahili kila kitu: mbu jike anavyochukua vijidudu kwa mgonjwa mmoja na kuvipeleka kwa mwingine, kwa nini madimbwi ya nyuma ya soko ni hatari, kwa nini dozi isiishie njiani homa ikishuka. Mjukuu wake alilazwa kwa malaria, na aliyasikiliza maelezo ya daktari akiwa na masikio ya mtu mwenye hofu. Darasa lilinyamaza kumsikiliza. Wiki iliyofuata tulifanya jaribio, swali lilikuwa hilohilo kwa Kiingereza, na ukurasa wake ulirudi mtupu. Nilikuwa na ushahidi kwamba anajua, na nilikuwa na karatasi inayosema hajui. Kwenye mtihani wa taifa karatasi ndiyo inayosikilizwa.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo linageuka Kiingereza kwa siku moja. Aliyesoma shule za kulipia ameshavuka zamani. Mimi sipingi watu kujua Kiingereza. Ningependa wakijue vizuri, wafundishwe kama lugha na walimu walioandaliwa kwa kazi hiyo. Ninachokipinga ni kukifanya kuwa chujio la kupimia nani anaelewa mzunguko wa damu. Nimewaona watoto wachangamfu wa darasa la saba wakiwa bubu kufikia Aprili ya kidato cha kwanza. Wanakariri sentensi wasizozielewa, wanazirudisha kwenye mtihani zikiwa pungufu, wanapata sifuri, na sisi walimu tunaandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi aongeze bidii.

Wanaofanikiwa kupata cheti hukutana na vizuizi vya kazini, na huko hakuna wa kuwapeleka mbele ya darasa. Matangazo ya kazi yanataka uzoefu wa miaka mitatu kwa nafasi ambayo mtu angeijifunza kwa mwezi mmoja. Yanataka umri usiozidi kiasi fulani, wakati mtu aliyesoma jioni lazima atachelewa, maana alikuwa akilea, akiuguza, akiendesha pikipiki ya mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 7, inakataza mwajiri kumbagua mtu kwa umri, kwa ujauzito, kwa hali ya ndoa au majukumu ya familia, kwa ulemavu, kwa asili yake ya kijamii na mambo mengine kadhaa. Nimewasomea wanafunzi wangu kifungu hicho. Walifurahi, kisha kijana mmoja wa bodaboda akauliza ataupata wapi ushahidi kwamba alinyimwa kazi kwa sababu hiyo, ilhali hakuna aliyemjibu barua. Swali lake lilikuwa sahihi. Ubaguzi mwingi siku hizi ni wa ukimya: simu haipigwi, barua haijibiwi, mtu anaambiwa aache namba yake.

Vijana hao wa bodaboda ndio wanaonifundisha kuhusu muda. Darasa letu linaanza saa kumi na moja jioni, na saa hiyo ndiyo watu wanapotoka makazini, abiria ni wengi, fedha ndiyo hiyo. Asiyemiliki pikipiki anadaiwa kupeleka hesabu kwa bosi kila siku. Akija darasani, hesabu haitimii. Akitimiza hesabu, anaingia kipindi cha mwisho, anapiga miayo, na anayemwona kwa nje atasema hana nia. Mlinzi wetu hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Sheria hiyohiyo ya 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Yeye, akiwa zamu ya usiku, aliingia lindo saa kumi na mbili jioni na kupokewa saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Akipangiwa zamu ya mchana anatoka darasa limefika katikati. Akipangiwa ya usiku hafiki kabisa. Na zamu zilipangwa na msimamizi aliyeweza kuzibadilisha kwa kufuta jina moja na kuandika jingine.

Wazazi wetu waliwahi kuishi katika nchi iliyoliona hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata madarasa yakawafuata watu walipo, viwandani, mashambani, misikitini, makanisani. Mwaka 1973 serikali iliagiza sehemu za kazi zitenge muda wa kuwasomesha wafanyakazi. Mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kitabu na kujadiliana, na walipotoka hapo walichimba vyoo. Takwimu rasmi zinaonyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 10 kufikia 1986. Kampeni zile zilikuwa na kasoro zake, na wako walioandikishwa wakasahau kusoma baada ya miaka michache. Lakini hawakumwambia mtu mzima kwamba akitaka kusoma ajue mwenyewe namna ya kupata muda.

Wakenya wana mtu wao, na sisi pia tunapenda kumsimulia: Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza mwaka 2004 huko Eldoret akiwa na miaka 84, akavaa sare na soksi ndefu, akakaa na watoto wenye umri wa vitukuu vyake. Alifika mpaka New York kuzungumza na viongozi kuhusu elimu ya bure, na alifariki mwaka 2009. Picha yake hubandikwa mara kwa mara kuwaambia watu kwamba penye nia pana njia. Mimi husimama kwenye tarehe. Serikali ya Kenya ilifuta ada za shule za msingi Januari 2003. Maruge akaenda shule mwaka uliofuata. Alipita wakati wa ukoloni, wakati wa Mau Mau aliyopigania, wakati wa uhuru, na kwa miongo yote hiyo hakuna nia ambayo ingemfungulia darasa. Kilichobadilika ni ada. Aliondolewa jiwe, akapita, na sisi tukasifu miguu yake bila kuuliza jiwe lilikaa hapo miaka yote hiyo kwa amri ya nani.

Hilo lilitokea kwetu pia. Ada za msingi zilipofutwa mwaka 2001, watoto walimiminika. Zilipoondolewa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, madarasa yakafurika mpaka tukafundishia nje. Hakuna aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwapandikiza Watanzania hamu ya elimu kati ya Desemba na Januari.

Ndiyo maana naogopa hadithi za mashujaa zinapotumiwa vibaya. Dada wa kazi za ndani wa darasa letu alifaulu. Alisomea jikoni, kitabu akikiegemeza kwenye pipa la unga, akaamka kabla ya wenye nyumba, akavuka hatua zote mbili, na leo yuko chuo cha ualimu. Ninamwonea fahari ambayo siwezi kuificha. Lakini nimemsikia mwajiri mwingine akimtolea mfano kwa binti yake wa kazi: "Mbona mwenzako aliweza?" Binti huyo hapewi nafasi ya kutoka nyumbani baada ya saa kumi, hana siku ya mapumziko, na mshahara wake hutumwa kwa mjomba kijijini. Aliyefaulu alikuwa na mwenye nyumba aliyemwambia apike mapema, aende, na vyombo watoto wa nyumba wataosha wenyewe. Ukiisimulia hadithi ya binti aliyefaulu bila kuwataja wale watoto walioosha vyombo, umemgeuza kuwa fimbo ya kuwachapia wenzake.

Wala sisemi kwamba mtu hana sehemu yake. Fundi cherehani wetu alikuwa na muda, fedha za kujisajili, mke aliyemhimiza, na kichwa chepesi cha hisabati kuliko wote. Katikati ya hatua ya pili aliacha. Nilimfuata dukani kwake, akanikaribisha kiti, akanieleza kwa utulivu kwamba amefikiri na ameona anachokitaka ni kupanua ufundi wake, cheti hakimsaidii huko. Nikamtakia heri, na nguo zangu za kazini nampelekea yeye mpaka leo. Kwangu mimi hiyo ndiyo haki yenyewe: mlango uwe wazi, na asiyetaka kuingia aweze kupita zake akiwa hana deni la heshima kwa mtu. Nani anajua fundi yule angekuwa na uchungu gani leo kama mlango ungefungwa usoni pake kabla hajachagua?

Nimeanza kuwatazama watu kwa nafasi walizoshika. Vizuizi vikubwa nimevitaja, na vinahitaji sheria na bajeti. Lakini vingi vya kila siku viko mikononi mwa watu wa kawaida kabisa ambao hata hawajui kwamba wameshika kitu. Mwalimu mkuu wa shule tunayoitumia alihofia umeme wa jioni, kwa sababu LUKU ya shule haina fungu la darasa la watu wazima. Tulikaa naye, tukakubaliana wanafunzi wachange, naye akatupa ufunguo. Nyuma yake kuna shule nyingine iliyotukatalia bila kutupa hata nafasi ya kujieleza. Mama mkwe wa mwanafunzi wetu mmoja ndiye anayeshika watoto jioni. Mwingine mama mkwe wake amesema mwanamke anayesoma usiku ana lake jambo, na mwanafunzi huyo amesita kuja tangu kabla ya Ramadhani. Nimekwenda kumwona mama huyo, nikiwa nimejifunga khanga, na nikamwamkia kama mkubwa wangu. Tumezungumza mambo ya mahindi na mvua, habari za shule tumezigusa kidogo tu mwishoni. Nitakwenda tena.

Mlinzi alimwomba msimamizi wake zamu ya mchana wakati wa kujiandaa na mtihani. Msimamizi alikataa, akasema akimpa huyu wote watataka. Nikamwandikia barua kwa kichwa cha barua cha darasa letu, nikieleza tarehe za mtihani na kwamba mlinzi mwenye kidato cha nne ataifaa kampuni yenyewe, akapewa miezi miwili. Amefanya mtihani, matokeo bado. Lakini wenzake wawili wa lindo wameshaniuliza fomu, na ni kweli, kama msimamizi alivyosema, wote wanataka. Hawa ni wa zamu ya usiku ya kudumu, jioni hawawezi kabisa. Kwa hiyo nimeandika kwa mratibu elimu kata kuomba madarasa mawili yafunguliwe Jumamosi asubuhi, kuanzia saa tatu, baada ya walinzi kupokewa na kupata usingizi mfupi. Mwenzangu wa hisabati amekubali kujitolea. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri, na wiki ijayo narudi pale ofisini kuuliza imefikia meza ya nani.